Aliyeumwa na Nyoka Akifika Zahanatini



Jua likiisha kutua katika nchi tambarare ya Baringo, mbuzi hurudishwa zizini na kina mama hurudi kutoka mtoni na maji, na huo ndio wakati moma aanzapo kutembea. Moma, ambaye watu wa mahali pengine humwita bafe au kifutu, ni nyoka mfupi, mnene, mwenye rangi ya majani makavu na mavumbi. Nyoka wengine wakisikia kishindo cha miguu hukimbia. Yeye hakimbii, hulala kimya njiani akitumaini kwamba hataonekana, na kweli haonekani. Mchungaji humkanyaga, na mara huumwa chini ya goti.

Tangu dakika hiyo saa zimeanza kuhesabiwa. Maneno haya yahusu mambo yapasayo kutendwa wakati mtu huyo anapofikishwa kwenye mlango wa zahanati ya kijijini, ambako aghalabu yuko muuguzi mmoja tu, iko taa moja, na pengine hakuna hata kichupa kimoja cha dawa ya kupinga sumu ya nyoka. Watu wengi husema kwamba zahanati ya namna hiyo haina faida kwa aliyeumwa, afadhali apitishwe moja kwa moja mpaka hospitali kubwa. Hata wauguzi wengine husema hivyo: husimama mlangoni, hutazama mguu uliovimba, na kumwambia mwenye pikipiki aendelee na safari. Maneno hayo si kweli, na wako watu waliokata roho njiani kwa sababu yake.

Jambo lenyewe si dogo. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba kila mwaka watu wapatao milioni 5.4 huumwa na nyoka ulimwenguni, na kwamba kati ya 81,000 na 138,000 hufa. Wanaobaki na vilema, kama kukatwa mguu, wapata mara tatu ya hao waliokufa. Mwaka 2017 Shirika hilo liliandika sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa, na mwaka 2019 likaweka shabaha ya kupunguza vifo na vilema kwa nusu ifikapo mwaka 2030. Mwaka huo huo wa 2019 Wizara ya Afya ya Kenya ilitoa mwongozo wa kuwatibu walioumwa. Neno hilo “yaliyosahauliwa” huenda likawafaa watu wa maofisini. Watu wa Baringo, Kitui, Kilifi na Turkana hawakusahau hata siku moja.

Sasa, mgonjwa amefika. Kitu cha kwanza kinachoonekana ni kamba. Karibu kila aliyeumwa hufika amefungwa kitu juu ya jeraha: kitambaa, ukanda, au kipande cha mpira wa baiskeli kilichokazwa mpaka mguu umekuwa baridi. Waliofunga walikusudia mema. Lakini sumu ya moma huharibu nyama, na kuifungia mahali pamoja pasipo damu ni kuiachia nyama hiyo iilie. Miguu mingi iliyokatwa hospitalini imeuawa na kamba na sumu kwa pamoja. Hata hivyo, muuguzi mwenye busara haikati kamba kwa haraka mara mgonjwa akanyagapo sakafu. Ikiwa nyoka alikuwa koboko, ambaye sumu yake hupoozesha, kamba ikifunguliwa ghafula sumu yaweza kuingia mwilini yote mara moja. Kwa hiyo kwanza mgonjwa hulazwa, njia ya mshipa huwekwa tayari, vyombo vya kumsaidia kupumua huwa karibu, ndipo kamba hulegezwa polepole huku akitazamwa. Pete, bangili na viatu navyo huvuliwa mapema, maana baada ya saa chache uvimbe hautaruhusu.

Mara nyingi chini ya kamba huwa na chale za wembe, au lile jiwe jeusi. Jiwe hilo laenea sana Afrika ya Mashariki na Kongo, na watu wenye heshima zao huliamini. Kwa kweli si jiwe. Ni kipande cha mfupa wa ng'ombe kilichochomwa. Hunata kwenye jeraha kwa sababu kina vitundu vidogo vinavyonyonya unyevu, na kikiisha kushiba hudondoka, nao watu husema sumu imekwisha. Lakini sumu ilikwisha kupita ndani zaidi kabla jiwe halijatolewa mfukoni. Mbona basi watu wengi hupona? Hupona kwa kuwa nyoka wengi hawana sumu ya kumdhuru mtu, na hata mwenye sumu mara nyingine huuma bila kuitoa. Mtu wa namna hiyo angepona hata kama angepakwa majivu. Mganga hakumdanganya mtu. Yeye mwenyewe amewaona wakipona kwa macho yake, na ndiyo sababu ni vigumu kumshawishi.

Tena yapasa kusema ukweli wote. Mtu huenda kwa mganga kwa sababu mlango wa mganga hufunguliwa saa nane za usiku. Aliyewahi kumpeleka mtoto wake zahanatini akakuta kufuli, au akaambiwa dawa imekwisha, hawezi kulaumiwa akienda kwingine mara ya pili. Mahali ambapo tabibu wa zahanati amekwenda kumwona mganga kwa adabu, akaketi naye na kumwomba awalete wagonjwa mara moja badala ya kesho yake, kazi huwa nyepesi kwa wote wawili.

Baada ya hayo ndugu huanza kubishana juu ya nyoka. Mmoja asema alikuwa mweusi, mwingine asema wa kijani. Pengine hufungua gunia na kumtoa nyoka aliyeuawa. Desturi hiyo yafaa iachwe. Watu wameumwa wakimwinda nyoka ili wamlete, na kichwa kilichokatwa bado chaweza kuuma kwa muda. Picha iliyopigwa kwa simu kutoka mbali yatosha, na hata kama haipo, muuguzi aweza kuusoma mwili wa mgonjwa.

Mwili husema kwa njia tatu. Njia ya kwanza ni uvimbe na maumivu makali yanayopanda kutoka kwenye jeraha, na hiyo ni alama ya moma, na pia ya swila, yule atemaye sumu. Njia ya pili ni usingizi wa uongo: kope za macho hulegea na kushuka, maneno hukwama mdomoni, mate hayamezeki, na mwisho kifua huacha kupanda. Hiyo ni kazi ya koboko na ya fira wasiotema. Njia ya tatu ni damu isiyokoma, itokayo kwenye fizi, puani, au katika chale zile za wembe. Katika nchi kavu za kaskazini yuko nyoka mdogo wa mchangani ambaye hujikunja na kusugua magamba yake hata yakatoa sauti kama mafuta yanayokaangwa. Huyo huharibu damu isigande. Na yuko nyoka wa mitini mwenye macho makubwa, ambaye sumu yake ni ya namna hiyo hiyo, ila huchelewa kuonyesha dalili mpaka mgonjwa amekwisha kurudi nyumbani akijidhania mzima.

Kwa uvimbe, chombo bora cha muuguzi ni kalamu. Huchora mstari mahali uvimbe ulipofikia na kuandika saa kando ya mstari huo, juu ya ngozi yenyewe. Baada ya muda huchora tena. Mistari ikifuatana haraka kuelekea pajani, sumu ni nyingi, na hapana haja ya kubishana. Ikibaki mmoja, kuna nafasi ya kungoja. Mgonjwa akipelekwa hospitali, daktari wa huko husoma mguu kama barua.

Kwa damu, kinachotakiwa ni kichupa cha kioo, kipya, safi na kikavu. Damu kidogo, mililita 2, hutiwa ndani na kuachwa kimya dakika 20, pasipo kutikiswa. Kisha kichupa huinamishwa mara moja tu. Damu ikiwa imeganda, vema. Ikimwagika kama maji, mgonjwa yumo hatarini hata kama aketi akizungumza na kuomba chai. Jaribio hili halihitaji umeme wala mashine. Kosa la kawaida ni kutumia kichupa cha plastiki, au kilichooshwa kwa sabuni, kwani humo hata damu ya mtu mzima huweza kukataa kuganda. Na kabla jibu halijajulikana, sindano ya pepopunda ingoje, kwa kuwa mahali pa sindano pataweza kuvuja damu ndani ya msuli. Kwa maumivu parasetamoli yafaa. Aspirini na diklofenaki zisitolewe, maana huzidisha kutoka damu.

Jambo la koboko lataka maneno zaidi. Aliyeumwa naye aweza kulegea macho, akanyamaza, akaacha kusogeza kidole, na uso wake ukawa kama wa maiti. Ndugu huanza kulia, na mzee mmoja hutoa shauri kwamba arudishwe nyumbani. Lakini sumu hiyo hulala kwenye mishipa inayoamuru misuli. Moyo wapiga, na akili pengine i macho kabisa. Mtu huyo huenda asikia kila neno: asikia wakizungumzia jeneza, asikia mkewe akilia, na hawezi hata kufumba jicho kuwajibu. Kinachomwua ni kukosa pumzi tu. Akipumuliwa kwa ule mfuko wa mpira unaobanwa kwa mkono, kwa saa moja, kwa saa tano, kwa usiku mzima, mkono mmoja ukichoka ukishika mwingine, aweza kurudi. Kazi hii yaweza kuanzwa na muuguzi mmoja katika zahanati isiyo na dawa yoyote, na kijana yeyote mwenye moyo aweza kufundishwa papo hapo kumpokea. Wakati huo wote ni vema muuguzi amwambie mgonjwa yanayotendeka, jina lake likitajwa, na wanaolia watolewe nje.

Kwa habari ya macho, mambo ni mepesi zaidi, ingawa hofu ni kubwa. Swila hutema sumu akilenga uso, na maumivu yake humfanya mtu mzima aangue kilio. Dawa ni maji: maji safi mengi yamiminwe juu ya jicho lililofunguliwa, kwa muda mrefu, na kama hayapatikani hata maziwa yaweza kusaidia. Majani yaliyotafunwa na mate ya mtu yasitiwe. Kisha jicho litazamwe kama limechubuka, na mgonjwa asipewe dawa ya kupinga sumu mshipani, maana haina kazi hapo. Pwani ya Kenya ina swila mkubwa kupita wote watemao sumu duniani. Wataalamu walimtenga rasmi na jamaa zake mwaka 2007 na kumpa jina la James Ashe, ambaye aliwafuga nyoka Watamu kwa miaka mingi na kuwafundisha wengi.

Sasa yafaa kuieleza dawa yenyewe, kwa kuwa watu huidhania kuwa kama sindano ya malaria, itolewayo kwa kila mtu na kumaliza mambo. Mfaransa Albert Calmette na wenzake waliivumbua katika miaka ya 1890. Farasi hutiwa sumu kidogo kidogo, kiasi kikiongezwa polepole, mpaka damu yake inajifunza kushindana nayo. Ndipo sehemu ya damu hiyo huchukuliwa na kusafishwa. Calmette alidhani kwamba dawa aliyoipata kwa sumu ya fira wa Asia ingewafaa walioumwa na nyoka wote. Haikuwa hivyo. Damu ya farasi hujua tu sumu ile iliyofundishwa.

Kosa hilo la zamani limerudiwa katika siku zetu. Nchini Ghana, mwaka 2004, hospitali moja ilibadilishiwa dawa, ikapewa nyingine isiyofaa kwa nyoka wa huko, na vifo vikapanda kutoka watu wapatao 2 katika kila 100 walioumwa hadi wapatao 12. Wauguzi walikuwa wale wale, na kichupa kilifanana na kile cha kwanza. Kwa hiyo kabla ya kichupa kufunguliwa, karatasi yake isomwe: je, moma, koboko na swila wa Afrika wametajwa humo? Kama hawakutajwa, dawa hiyo ni maji ghali. Dawa nzuri nayo imekuwa adimu. Mojawapo iliyotegemewa katika nchi nyingi za Afrika iliachwa kutengenezwa na kampuni ya Ufaransa mwaka 2014, na vichupa vya mwisho vikapita muda wake mwaka 2016. Zilizopo huuzwa kwa maelfu ya shilingi kila kichupa, na mgonjwa wa koboko aweza kuhitaji vichupa 10 au zaidi. Tangu mwaka 2013 kununua dawa za zahanati ni kazi ya serikali za kaunti, na mwananchi ana haki ya kumwuliza mjumbe wake katika bunge la kaunti ni vichupa vingapi vimewekwa, na wapi.

Kwa kuwa dawa ni adimu na ina hatari zake, haipewi kila aliyeumwa. Asiye na dalili yoyote hulazwa na kutazamwa kwa siku nzima, yaani saa 24, na hapo kazi ngumu ni kuwatuliza ndugu wanaodhani kwamba muuguzi anaificha. Mwenye dalili za sumu hupewa bila kukawia, polepole, kwa njia ya mshipa. Mtoto hupewa kiasi kile kile cha mtu mzima. Nyoka hakupima ukubwa wa mtu kabla ya kumwuma. Na karibu na kitanda, ndani ya bomba la sindano lililo tayari, huwekwa adrenalini, kwa sababu mwili wa mwanadamu waweza kuichukia ghafula damu ya farasi: ngozi huwasha na kufura, kikohozi huanza, mgonjwa hutapika na mapigo hudhoofika. Dawa husimamishwa, adrenalini huchomwa katika msuli wa paja, na akiisha kutulia huanzwa tena. Pasipo adrenalini, dawa ya kupinga sumu isitolewe. Hii ndiyo sababu iliyo ya haki ya zahanati ndogo kukosa dawa hiyo.

Zahanati isiyo nayo hufanya kila kilichokwisha tajwa, kisha humsafirisha mgonjwa. Hapo simu hutangulia pikipiki. Muuguzi huuliza hospitali: dawa ipo leo? ya namna gani? vichupa vingapi? Mara nyingi hospitali ya karibu haina, na ile iliyo mbali zaidi inayo. Asiyeuliza hupoteza saa mbili kwenda na mbili kurudi. Mgonjwa alazwe kwa ubavu wa kushoto ili matapishi yasimzibe koo, mguu ufungwe na kipande cha ubao usichezecheze, na mtu mmoja awe na kazi moja tu, nayo ni kutazama kifua chake. Ikiwa hapana gari ila bodaboda, akae katikati ya dereva na mtu mwenye nguvu, wala asiachwe ajishike mwenyewe.

Yuko mgonjwa mwingine ambaye husahauliwa, naye ni yule aliyepona. Siku 5 mpaka 14 baada ya kupewa dawa aweza kupata homa, vipele na maumivu ya viungo. Jirani watasema sumu imerudi, au kwamba amerogwa. Si sumu, ni mwili unaomalizia ugomvi wake na damu ya farasi, na vidonge vya siku chache humtuliza. Aambiwe jambo hili kabla hajatoka, na aambiwe mbele ya mtu wa nyumbani kwake, kwa maana mwenyewe siku hiyo hasikii vizuri. Mguu uliopoteza nyama nao wataka kuoshwa na kunyoshwa kwa majuma mengi.

Mwisho wa kazi ni daftari. Usiku umekwisha, muuguzi amechoka, na ukurasa hubaki mtupu. Lakini kaunti huagiza dawa kwa kutazama daftari hizo, na aliyeumwa bila kuandikwa huhesabiwa kama hakuumwa. Aliyefia nyumbani kwa mganga yafaa naye aandikwe, kama chifu au mzee wa kijiji ameleta habari zake. Mstari mmoja watosha: umri wake, kijiji, saa aliyoumwa, saa aliyofika, kama alikuwa amefungwa kamba, uvimbe ulipofikia, damu ya kichupani iliganda au haikuganda, vichupa alivyopewa, na siku aliyorudi nyumbani kwa miguu yake.